Jinsi ya Kuagiza Mbao Zilizokwisha Kufanya Kazi

Msanifu, umepewa kazi ya kuchora zahanati Mbita au maktaba Rongo, na mfadhili anataka jengo la kijani. Kwanza, funga hiyo katalogi ya vifaa. Ile bodi uliyoitia alama, iliyosagwa na kushindiliwa kwa mbao chakavu huko Italia, ni bodi nzuri na waliobuni kazi hiyo wanastahili sifa. Lakini ikishashuka Mombasa itapanda lori zaidi ya kilomita 800 ili ije kuziba dari karibu na ufuo wa ziwa ambako boti kuukuu zinaozea mchangani. Huo ni mzaha wa bei ghali, na fedha za mzaha huo zingenunua vitanda vya wajawazito.

Ukishaifunga, nenda kwenye mjengo wowote, Homa Bay mjini au Migori, siku fomu za slabu zinapong'olewa. Simama kando utazame mbao zinazoshuka. Zimeganda simiti, zimejaa misumari, nyingine zimepasuka ncha. Fundi hazitupi hata moja. Anazigonga kwa mgongo wa nyundo hadi simiti idondoke, anang'oa misumari kwa makucha ya nyundo hiyohiyo, anainyoosha juu ya jiwe na kuirudisha koponi. Mbao anazipanga kwa urefu. Baada ya muda zile zilizo imara ziko juu ya ukuta, zimeshika mabati.

Mwenye nyumba amelipia mbao mpya, kwa maana orodha ya vifaa na gharama iliandika mbao mpya. Kuchakata kumefanyika, tena kwa ustadi, ila karatasi yako haikuona kitu. Shida yote ya jengo la kijani katika kaunti za Homa Bay na Migori iko hapo: mikono imetangulia, karatasi imebaki nyuma. Mwongozo huu ni wa kuisukuma karatasi iifikie mikono.

Usidhani ni suala la mapambo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Amri hiyo iliongezwa tena na tena, mpaka Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa na shauri likafikishwa mahakamani. Humo katikati wajenzi walitegemea zaidi mikaratusi ya mashambani na mbao za kuvuka mpaka, na mji wa mpakani wa Isebania si mbali. Migori yenyewe ina jeraha jingine: tumbaku. Kukausha majani yake kwa moto kumemeza kuni kwa miaka mingi, na mti ulioingia tanurini haurudi kuwa mlango. Kila ubao unaofanya kazi mara ya pili ni mti mmoja ambao hatujauombea ruhusa ya kuuangusha.

Sasa jifunze kuchagua. Ukitaka ubao wa kujivunia, shuka ufukweni Mbita, Sindo, Muhuru Bay au Karungu, uulize wavuvi boti ipi imestaafu. Boti za zamani zilichongwa kwa mvule au mahogani. Za siku hizi mara nyingi ni miti laini, basi usilipe bei ya mvule kwa saipresi iliyolowa. Kwangua rangi kwa kisu. Mvule mkavu unaonyesha kahawia ya dhahabu, na kila tundu la msumari limezungukwa na duara jeusi la kutu. Duara hilo usilifiche kwa rangi: mteja akiuliza, mwambie ubao wake ulivua samaki kabla ya kuwa rafu ya vitabu. Mwonye fundi mambo mawili. Mvule hujijengea ndani yake vidonge vigumu vya chokaa vinavyong'oa meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo avae barakoa.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji wa mbao mpya hawapendi kuisikia. Mbao zao nyingi huuzwa mbichi, msumari unapopigwa maji yanatoka, na baada ya kiangazi kimoja fremu ya dirisha imejipinda hadi dirisha halifungi. Ubao uliokaa nyumbani mwa watu miaka 20 umeshakauka na umeshajipinda kadiri ulivyotaka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na fremu za mbao mbichi ni kidonda kweli.

Paleti je? Zilizoleta vigae zinakusanyika nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na kila moja ina kitambulisho chake. Tafuta muhuri wenye suke la ngano. Ndani yake kuna herufi mbili za nchi, kama KE au TZ, kisha herufi za tiba iliyotumika. HT ni kwamba ubao ulipashwa joto hadi kiini chake kikakaa kwenye nyuzi 56 kwa dakika 30, huo chukua. MB ni gesi ya methili bromaidi. Huo mwachie mwenyewe. Usio na muhuri nao uache, hata ukiwa mzuri wa kutamanisha.

Hapa nataka unisikilize sana. Nguzo kuukuu ya umeme isiingie ndani ya jengo lako, hata ikiletwa bure. Nguzo nyingi zimeshindiliwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki ili mchwa wasiziguse. Ukizikata unaona ukingo wa kijanikijani kuzunguka kiini. Ukizipata zimekaa juani miaka, rangi hiyo imefifia lakini sumu ipo palepale. Nyingine ni nyeusi na zinanuka lami. Vipande vya nguzo hizi vikitupwa kando ya mjengo, mama anayepikia mafundi atavitia jikoni, maana kuni ni ghali na yeye hajaambiwa. Moshi wake una aseniki, jivu lake lina aseniki, na watoto wanacheza na jivu. Iandike katika masharti kwa herufi kubwa, kisha umwambie mama huyo kwa mdomo, kwa Kijaluo au Kikuria anachokielewa.

Halafu kuna hesabu, ambapo wengi huteleza. Katika LEED, mfumo wa kutathmini majengo ya kijani, mbao zilizokwisha kutumiwa na watu huhesabiwa thamani yake yote. Mabaki ya kiwandani huhesabiwa nusu. Chipbodi ya shilingi 100,000 yenye asilimia 20 ya aina ya kwanza na asilimia 40 ya aina ya pili inakupa shilingi 40,000, wala si 60,000. Unga wa mbao unaorudishwa kwenye mashine ileile iliyoutoa hauhesabiwi kabisa. Hiyo ni kiwanda kufagia sakafu yake. Na mlango wa duka la zamani la Kendu Bay uliorandwa na kutundikwa upya ni kitu kilichotumiwa tena, una mstari wake, usiuandike mara mbili.

Toleo la 4 la mfumo huo linathamini maradufu bidhaa iliyovunwa, kutengenezwa na kununuliwa ndani ya kilomita 160. Pima kwa mstari mnyoofu: bodi ya Eldoret inaingia Homa Bay mjini na inaachwa nje Migori mjini. Boti ya Muhuru Bay inaingia kote kuwili. Mfumo wa EDGE, unaotumika zaidi hapa Kenya, unadai uokoe asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya mzigo wa mazingira uliozama ndani ya vifaa; katika hilo la tatu boti yako itakubeba.

Ukishayajua hayo, andika. Nakupa kifungu, kinakili kilivyo: “Mbao za dari, milango, rafu na kuta za ndani ziwe zimetumika angalau mara moja na zitoke ndani ya kaunti za Homa Bay na Migori. Kila shehena iandikwe ilikotoka na kazi iliyofanya. Nguzo za umeme, mbao zenye lami na mbao zisizojulikana asili yake hazikubaliwi. Misumari yote ing'olewe, na kila ubao upitishiwe sumaku kabla ya randa. Mbao za kubeba paa zikaguliwe ubao mmoja mmoja na mhandisi; wenye ufa, tundu la dumuzi au misumari iliyorundikana sehemu moja upelekwe kwenye kazi nyepesi.”

Usiishie hapo. Weka katika orodha ya gharama mstari wa kung'oa misumari na kusafisha, wenye siku na malipo yake. Mstari huo ukikosekana, mkandarasi atamwachia fundi kazi hiyo bila malipo, na fundi atafanya hesabu ya haraka na kwenda kununua mbao mbichi.