Nati Inayokaribia Kuingia

Bomba la moshi la BSA Bantam, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, hushikwa kwenye fremu kwa boliti, na boliti hushikwa kwa nati. Nati ikiwa ya pikipiki ya Bajaj Boxer, bomba hushuka lenyewe. Jumamosi iliyopita lilishukia Port Bell Road, Bugolobi, mbele ya stendi ya bodaboda, likabingirika kuelekea Luzira likiwa bado la moto, na mwenye pikipiki akilikimbilia na helmeti kichwani. "Ssebo, panda tulifukuze," kijana mmoja akajitolea, akataja na nauli.

Chanzo cha fedheha hiyo ni cha mwaka 1841. Kabla ya hapo kila karakana ya Uingereza ilikata hesi ilivyopenda, na nati ya huku haikuijua boliti ya kule. Mhandisi Joseph Whitworth akakusanya boliti kutoka karakana nyingi, akazipima, akachukua wastani. Pembe ya hesi ikawa digrii 55. Wamarekani baadaye wakachagua 60, na hesi za milimita, ambazo ndizo za Boxer, zina 60 vilevile. Waunda baiskeli wa Kiingereza nao wakajitungia zao, nyembamba, nyingi zikiwa 26 kwa inchi, na viwanda vya pikipiki vikazirithi. Ndiyo maana Bantam moja hubeba hesi za koo kadhaa zisizosalimiana.

Boliti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94. Ya Boxer ina 8. Tofauti hiyo jicho haliioni, na balaa liko hapo: nati ya milimita 8 huvaa bila ubishi, huzunguka mara moja au mbili, kisha hukaza. Fundi mwenye haraka huona imekaza vizuri. Kumbe hesi 26 zinasukumiwa kwenye nafasi za hesi 20 hivi, zinakatana, na bomba linabaki kushikiliwa na kutu. Spana nazo zina vituko vyake. Za Whitworth huandikwa kipenyo cha boliti, si upana wa kichwa chake, hivyo iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa milimita 13.3. Namba 13 haiingii. Namba 14 huingia, ikala pembe zote sita.

La kuudhi zaidi ni kwamba Bantam ilizaliwa na milimita. Michoro yake ni ya DKW RT 125 ya Ujerumani, iliyochukuliwa kama fidia ya vita. BSA wakaipindua kushoto kulia ili gia ikae upande wa kulia, wakaivika inchi, wakaitoa 1948. Michoro hiyohiyo ilizaa YA-1, pikipiki ya kwanza ya Yamaha, mwaka 1955. Wajapani waliziacha milimita mahali pake.

Bantam iliacha kutengenezwa 1971. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia, waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya maduka ya Kampala. Tangu hapo speya ya Kiingereza huagizwa ng'ambo, huchongwa na mafundi wa Katwe, au hutafutiwa mbadala madukani.

Mbadala ndio wenye machungu. Katika duka moja la katikati ya mji, muuzaji aliulizwa kama nati ni ya inchi. "Inaingia," alijibu, bila kuitazama boliti. Risiti ilikuwa imeshachapwa chini yake kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Huu si utani tena: nati isiyokaa inaweza kuwa ya ekseli, na anayelipia ni mpanda pikipiki, pamoja na abiria wake.

Mengine ni madogo. Balbu ya volti 12 kwenye umeme wa volti 6 huwaka kama kibatari. Pikipiki nyingi za Kiingereza za enzi hizo huunga chanya ya betri kwenye fremu, kwa hiyo indiketa za LED hugoma. Kiti mbadala tu ndicho kilichokaa.

Mwenye chuma cha zamani na aende dukani na boliti yake mkononi, aizungushe nati kwa vidole hadi mwisho wa hesi, na asitoe shilingi kabla haijafika. Ikikwama njiani, fundi wa kukereza wa Katwe atachonga ya inchi, mradi apelekewe boliti yenyewe.