Barua ya Wazi kwa Watoza Kodi wa Albany

Kwa: Idara ya Kodi na Fedha, Jimbo la New York, Albany

YAH: PONGEZI KWA KUTOZA KODI JASHO LILILOTOKA JIMBO JINGINE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za wafanyakazi waliofungasha virago, wakahamia majimbo mengine na kompyuta zao, huku mwajiri akibaki Manhattan. Walidhani wamehama. Sheria yenu inawakumbusha kwamba siku ambayo asiye mkazi anafanyia kazi nyumbani kwake huhesabiwa kuwa ya New York, ikiwa amebaki huko kwa urahisi wake mwenyewe na si kwa hitaji la mwajiri.

Mpanga programu Thomas Huckaby aliishi Nashville, akamfanyia kazi mwajiri aliyekuwa Queens. Robo tatu ya muda wake aliitumia Tennessee, jimbo lisilotoza kodi ya mishahara. Ninyi mlitaka kodi ya mshahara mzima, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya New York iliwapa, kwa kura 4 dhidi ya 3. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ninyi mmeketi Albany, na cha mvunguni mwa mtu wa Nashville kinawafuata chenyewe.

Profesa Edward Zelinsky naye anastahili kutajwa kwa uvumilivu. Anafundisha sheria Manhattan, anaishi Connecticut. Alishindwa mahakamani mwaka 2003 kuhusu siku alizoandikia na kufanyia utafiti nyumbani. Machi 2020 korona ikafunga jengo la chuo, akawa anafundisha kwa Zoom akiwa kwake. Hapo hata mtoto angeuliza urahisi uko wapi, mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 2025 baraza lenu la rufaa za kodi lilikata shauri: alipe. Kumbe mtu anaweza kuzuiwa kuingia ofisini na papo hapo akahesabiwa yumo ndani.

Haki ipo, lakini. Waraka wenu wa mwaka 2006 unaeleza lini meza ya nyumbani inakuwa ofisi halali ya mwajiri. Njia fupi ni kuwa na kituo maalumu ambacho ofisi ya New York haiwezi kuwa nacho; mfano mliouchagua ni barabara ya kujaribia magari mapya, iliyo karibu na nyumba ya mfanyakazi. Mhasibu asiye na barabara ya aina hiyo uani atimize vigezo vinne kati ya sita, kisha vitatu kati ya kumi. Kimojawapo ni anwani ya nyumbani kuchapwa kwenye kadi zake za kazi.

Hata mkazi wa New York anayehama moja kwa moja hana budi kuthibitisha kwamba moyo wake nao umehama. Wakaguzi wenu hutazama nyumba, biashara, siku, familia, na vile vitu ambavyo mtu hawezi kuviacha nyuma. Gregory Blatt, aliyeongoza Match.com, alishinda kesi yake mwaka 2017, na hakimu aliona kuhamishwa kwa mbwa wake kwenda Dallas kuwa ushahidi mzito wa uhamisho. Anayebakiza nyumba ya kudumu New York, naye achunge kalenda: zikizidi siku 183 ni mkazi, na kwa kawaida hata saa chache hukamilisha siku.

Majirani wameanza kuiga. Kwa kuwa jimbo la nyumbani kwa kawaida humpunguzia mkazi wake kodi aliyokwisha kuwalipa ninyi, hazina yake ndiyo hubaki mkono mtupu. Connecticut ilijibu kwa kanuni kama yenu mwaka 2019, New Jersey ikafuata mwaka 2023. Sasa mkazi wa New York mwenye mwajiri Newark, anayefanyia kazi sebuleni Brooklyn, huhesabiwa yuko Newark, nanyi ndio mnaompunguzia.

Ombi ni moja: andikeni waraka mpya unaosema waziwazi kama mbwa wa mfanyakazi wa Newark naye anahesabiwa amehama.

Wenu katika ujenzi wa hazina,

Mhamaji ambaye bado hajahama