Mlinzi Aliyeachishwa Kazi
Yuko muungwana mmoja wa Cyangugu, mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, ambaye kengele yake ya kunusa gesi ilizoea kulia ovyo, mara kwa marashi ya bibi, mara kwa mvuke wa urwagwa, ile pombe ya ndizi, hata ghadhabu zikampanda akaing'oa betri. Kisha, kwa kuwa baridi ya usiku haina staha, akaingiza jiko la makaa chumbani, akafunga madirisha, akahimidi utulivu, na utulivu ulikuwapo kweli, maana kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, nayo huua kwa adabu kamili pasipo kumwamsha mtu. Asubuhi, kichwa kizito (lawama akautwika urwagwa), alikaa barazani akiwahadharisha majirani juu ya Ziwa Kivu, lenye methani ipatayo kilomita za ujazo 60 vilindini, na kuisihi Serikali ilichunge usiku na mchana.