Elfu Nne na Mia Tano Zisizo na Karatasi

Deni la shemeji yangu lilikwisha Jumamosi moja alasiri, mwezi wa Mei, mvua ya masika ikipiga mabati ya Mtongwe. Alikuwa amekopa shilingi 8,000 kwa programu ya simu atengeneze injini ya tuktuk yake, kwa makubaliano ya kurudisha 9,600 mwezi ukiisha. Mwezi ukaisha barabara ya kwenda Ferry imejaa maji, abiria hawatoki, na tuktuk yenyewe imerudi gereji kwa klachi. Akachelewa. Programu ikamwongezea faini ya kuchelewa, nayo ilikuwa imeandikwa katika masharti aliyoyakubali, kwa hiyo hatukubishana. Hesabu ikafika 10,700. Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika. Nikamjazia zilizopungua, akalipa zote kwa nambari ya Paybill ya kampuni. Ujumbe ukaingia: mkopo umelipwa wote, salio 0. Mama mkwe akainua mikono akaomba dua, tukanywa chai.

Namuomba msomaji auweke akilini ujumbe huo, maana yaliyotufika yote yalikuja baada yake.

Jumatatu asubuhi shemeji akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole. Akamwambia kwamba bado anadaiwa 4,500.

"Za nini, ndugu yangu? Nimeshalipa."

"Kampuni umeilipa. Sisi hujatulipa. Faili lako lilikuja kwetu kabla hujalipa, na hiyo ni ada ya ufuatiliaji."

Shemeji akamwambia amwandikie hayo, aseme ada hiyo imetoka wapi na imehesabiwaje. Yule mtu akacheka, akasema utaona.

Hakuandika. Alianza kupiga simu, na hakumpigia shemeji tena. Ile programu, siku ilipowekwa, iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu, na bila ruhusa hiyo haikufunguka. Basi majina yalikuwa mikononi mwao, nao wakayapitia mmoja mmoja. Wakampigia mama mkwe akiwa mbele ya karai la mahamri. Wakampigia fundi wa gereji. Wakampigia mwalimu wa madrasa anayesomesha wanangu, na mwenye duka tunakochukua unga kwa daftari. Wakampigia mume wangu Doha, yuko kazini zamu ya usiku, akadhani kuna msiba nyumbani. Kila mmoja aliambiwa maneno yale yale: huyu ni mwizi, amekimbia na pesa za watu, na wewe amekuandika mdhamini wake. Hakuwa amemwandika mtu.

Simu iliyotuvunja ilikwenda Kisauni. Binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Mlaleo, huko huko Kisauni, na Jumapili iliyofuata walikuwa waje kuzungumza mahari. Siku ya posa shemeji ndiye aliyewapokea wageni Ferry kwa tuktuk, akamwachia nambari yake shangazi wa kijana, naye akaiweka yake. Kwa ajili ya wema huo mdogo, jina la shangazi likawemo katika ile orodha. Akanipigia magharibi.

"Dadangu, nimepigiwa na mtu simjui. Asema nyumba yenu ni ya wezi. Sikutaka kulala nalo bila kukuuliza."

Nikamweleza yote, na nikamshukuru kwa kuuliza. Lakini nilijua kwamba katika nyumba yao kuna wengine walioisikia simu ile na hawakuuliza chochote. Watu wetu husema lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Ukishaitwa mwizi kwa simu, salio lako la 0 nani atalitazama?

Usiku huo tulikaa kikao sebuleni, mume wangu akiwa kwenye simu tuliyoiweka juu ya meza. Yeye na mamake walikuwa na neno moja. Mama mkwe alisema elfu nne na kitu si pesa za kumvunjia mtoto posa, tulipe tustirike. Mume wangu akasema atatuma kesho, watu watuachie. Mimi nikakataa. Niliwaambia ada isiyo na karatasi haina mwisho wake, kwa sababu hakuna pahali palipoandikwa kwamba imekwisha. Tukalala bila kuafikiana.

Asubuhi mama mkwe, bila kumwambia mtu, alitoa 1,500 katika pesa za mahamri akazituma kwa nambari aliyopewa na yule mwenye sauti ya upole. Haikuwa Paybill, lilikuwa jina la mtu binafsi. Akaahidiwa kwamba hiyo yatosha. Siku hiyo simu zilinyamaza, na mama akawa na furaha ya siri. Kesho yake akapiga mwanamke mwingine, mkali, akasema faili sasa liko kwake, na deni ni 5,200, na kwamba kwa kulipa kidogo tumekiri kuwa twadaiwa. Hapo ndipo mama aliponiambia, akilia. Sikumlaumu na simlaumu hata leo. Mama yule amelea watoto sita kwa karai na jina zuri, na watu wale waliliona jina hilo wakajua litawalipa. Ninachokiona kibaya kupita vyote katika biashara hii ni kwamba hawadai kwa hesabu, wanadai kwa heshima ya mama wa watu.

Alhamisi wakaja vijana wawili na faili la plastiki. Walijiita madalali. Waliingia hadi barazani bila hodi, mmoja akaanza kuandika vitu kwa sauti: televisheni, jokofu, cherehani. Cherehani ni yangu, ndiyo inayonilisha. Mdaiwa hana hata sindano ndani yake. Mama mkwe alikuwa amewaona tangu njiani, akakimbilia chumbani kuficha sufuria zake za mahamri chini ya kitanda, akazifunika kwa kanga. Kijana wa pili akatazama bangili mkononi mwake, akauliza, "Hizo ni dhahabu?"

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu, alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi. Alikuwa anapita kutoka msikitini, akasimama mlangoni.

"Wanangu, amri ya mahakama iko wapi?"

Wakasema wametumwa na kampuni.

"Sikuuliza aliyewatuma. Nauliza amri. Na leseni yenu ya udalali. Na ile karatasi ya kuorodhesha mali."

Hawakuwa na hata moja. Mzee hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba dalali wa Kenya anafanya kazi chini ya sheria ya 1996 na kanuni zake za 1997; kwamba anayekuja kushika mali huandika orodha, akampa mwenye mali nakala, na humwachia siku saba za kukomboa kabla hajaibeba. Akaendelea, na hili ndilo lililomfanya mama mkwe atoke chumbani kusikiza: hata mahakama ikishaamua kwamba fulani adaiwa, kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinavitoa baadhi ya vitu visiguswe. Nguo za lazima. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko. Vifaa vya mtu vya kazi yake. Na mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatenganishwi nayo.

"Sufuria?" mama akauliza.

"Sufuria, mama. Ndizo za mwanzo mwanzo."

Vijana wakafunga faili wakaenda zao kwa pikipiki. Watoto wa mtaa waliwasindikiza hadi barabarani.

Mzee akanionya nisidhani mchezo umekwisha, na asidanganywe mtu kwamba sheria inamkataza mkopeshaji kufuata pesa zake. Haimkatazi. Hata Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A kilichoanza kutumika Mei 2007, inayozuia riba ya mkopo ulioshindikana isizidi msingi uliobakia, inamruhusu mwenye benki kudai pia gharama alizotumia kufuatilia. Ila gharama ni kitu cha kuonyeshwa. Kama gharama ipo, ina tarehe, ina risiti, na imo katika mkataba. Kinyume chake ni mtu na simu yake.

Usiku ule nilikaa na binti yangu tukasoma. Mikopo ya simu ilikaa miaka mingi bila mlinzi, hadi sheria ya Benki Kuu ilipobadilishwa mwishoni mwa 2021, na Machi 2022 zikatoka kanuni za wanaokopesha kidijitali. Mkopeshaji lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Septemba mwaka huo leseni za kwanza kumi zilitangazwa, katika maombi 288. Orodha ya wenye leseni huwekwa wazi na imekua sana tangu hapo. Tukaitafuta kampuni yetu, tukaikuta imo. Nilifurahi kuikuta, maana mwenye leseni ana cha kupoteza. Kanuni zinamtaka aandike katika mkataba ada zote atakazotoza, hata za kuchelewa. Zinamkataza yeye na mawakala wake kutisha, kutukana, kumwanika mdaiwa mbele za watu, na kufungua orodha ya majina kwenye simu yake ili kuwapigia jamaa na marafiki. Yote tuliyofanyiwa yalikuwa yameshakatazwa kabla shemeji hajakopa hata senti.

Kuna na mlango wa pili. Majina ya watu na nambari zao ni taarifa zao wenyewe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kamishna wa Data hupokea malalamiko kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Si mlango wa mapambo. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza Mulla Pride, kampuni iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kutuma vitisho. Sio hiyo iliyotusumbua sisi, lakini kosa ni lile lile. Na jambo moja lilinigusa: shangazi wa Mlaleo, ambaye hakukopa kitu, ana haki ya kulalamika kwa jina lake.

Tukaandika barua kwa kampuni, nakala kwa Benki Kuu na kwa Kamishna. Shemeji aliiandika kwa Kiswahili chake kizuri cha shule ya Likoni, nami nikaipunguza hasira. Tuliambatisha ujumbe wa salio 0, ujumbe wa M-Pesa wa malipo yote, na ule wa 1,500 za mama zilizoingia kwa mtu binafsi. Tukaorodhesha kila aliyepigiwa na saa aliyopigiwa, kwa idhini yake. Tukauliza ada ya 4,500 imo katika kifungu kipi cha mkataba, na ilikuaje ikawa 5,200 baada ya mtu kulipa. Simu za yule mwanamke hatukuzipokea. Tulimjibu kwa ujumbe mmoja tu, kila alipopiga, kwamba tunangoja hayo kwa maandishi.

Hazikupita siku nyingi kampuni ikajibu. Salio ni 0. Wakala hakuwa na ruhusa ya kumtoza mteja chochote. Wanasikitika. Kuhusu zile 1,500 hawakusema neno, na hadi naandika haya hazijarudi. Zimo katika malalamiko yaliyo mbele ya Kamishna. Shemeji alitaka kusherehekea. Mama mkwe akavaa miwani akaisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Hii wametuandikia sisi. Na wale waliowapigia, nani atawaandikia?"

Tukamwambia basi, yamekwisha. Akakataa. Akachukua mwavuli akaenda saiba pale Likoni, akatoa nakala kwa pesa zake. Moja akampelekea mwalimu wa madrasa, akangoja hadi aisome. Moja kwa mwenye duka, akamwomba aibandike karibu na daftari la madeni, na jamaa akaibandika. Moja gereji. Ya Doha tuliipiga picha tukaituma. Iliyobaki akaitia mkobani, na kikao cha mahari, ambacho kwa mambo haya kilikuwa kimeahirishwa, akasema atakifuata mwenyewe Mlaleo badala ya kuwangoja wageni. Tukavuka feri, tukapanda matatu ya Kisauni, tukapita Daraja la Nyali, mimi na yeye na shemeji, mama kimya njia nzima ameushika mkoba kwa mikono miwili.

Mlaleo tulipokewa kwa kahawa na kaimati. Mama hakungoja mazungumzo yaanze. Alitoa barua akamkabidhi shangazi mbele ya wazee wote, akasema, "Mliyoambiwa ni haya, na ukweli ni huu." Shangazi akaisoma kwa sauti hadi mwisho, na penye nambari akazirudia. Kisha akanyamaza, akamtazama nduguye aliyekaa pembeni, yule ambaye hakuniuliza kitu siku ile. Ndugu akashusha kikombe. Akasema kwamba na yeye anapigiwa, miezi sasa, kwa mkopo wa pikipiki aliokwisha kuulipa, na kila akilipa ada inazaa nyingine, na hajamwambia mtu kwa kuona haya.

"Hiyo barua mliiandikaje?" akauliza.

Binti yetu alikuwa amenipa nakala safi kwenye simu. Shemeji akahamia upande wa pili wa jamvi, akaomba kalamu, na yule bwana akatoa ujumbe wake wa M-Pesa mmoja mmoja, tukazisoma tarehe kwa sauti huku shangazi akiandika. Mahari yalijadiliwa baada ya Isha.