Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Personeli

Mheshimiwa,

Sisi watoto wa Kirotshe wenye diploma tunakusalimu na kukushukuru. Tulipopanda gari hadi Goma kufanya test ya uuguzi, tulidhani tutaulizwa mambo ya uuguzi. Kumbe wewe unaona mbali kuliko sisi.

Mwenzetu mmoja alikaa mbele ya kamati yako. Swali la kwanza: "Jina hili ni la wapi?" La Masisi. "Masisi ya wapi?" Akataja kijiji. "Na baba ni wa wapi? Na mama?" Mzee wa katikati akaandika kitu, akakunja karatasi. Kisha: umeolewa? Bwana atakubali ulale terrain? Huna mimba? Namna ya kupima mkono wa mtoto mwenye utapiamlo haikuulizwa na yeyote. Labda siku hizi watoto wa Masisi wanapimwa ukoo.

Tunajua shughuli zimekuzidi, ndiyo maana hujafika ibara ya 36 ya Katiba ya 2006, isemayo mtu asidhulumiwe kazini kwa ajili ya asili, jinsia, maoni au imani yake. Code ya kazi ya 2002 nayo inakataza kumdai mwanamke anayeomba kazi kipimo au cheti cha mimba, isipokuwa kwa kazi za hatari kwa mjamzito. Hizo nazo ni karatasi, ila hazijakunjwa.

Tena, mwaka 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya siku za Ebola huku kwetu: wanawake waliahidiwa kazi wakadaiwa miili yao. Kwa hiyo dada akiulizwa "unaishi na nani?" halafu akatazama mlango, usiandike kwamba hana adabu.

Unataka kujua kama ataweza terrain? Sema wazi: "Kazi hii inataka kulala Walikale wiki mbili kwa mwezi. Utaweza?" Mwulize na mwanamume, naye ana watoto, ingawa kamati haijawahi kuwakumbuka. Kazi ikihitaji Kihunde au Kinyarwanda, andika kwenye tangazo, kisha ongea naye usikie. Lugha mtu hujifunza, babu hajifunzwi.

Tunaomba maswali yaandikwe mapema, yawe yale yale kwa wote, na alama zibandikwe ukutani pamoja na majina. Dosiye zetu ungali nazo. Na nafasi ile ya muuguzi bado haina mtu: tangazo lake limebandikwa tena.

Ni sisi,
Waomba kazi wa Kirotshe