Waheshimiwa, Maaskofu Wetu Wanasema Sana

Kwa Waheshimiwa Wabunge, Maseneta na Magavana wa Kitui na Makueni, pamoja na Mkubwa wa Ikulu kila anapotukumbuka.

KUH: VIONGOZI WA DINI WANAOSEMA SANA

Waheshimiwa,

Nawaandikia mimi muumini wa benchi la nyuma, kwa masikitiko makubwa juu ya yale mnayotendewa. Mnatoka Nairobi alfajiri, mnafika kwetu na msururu wa magari yaliyojaa vumbi, mnaingia ibada ikiwa imefika katikati ya mahubiri, kwaya inakatizwa ili mpate viti vya mbele. Halafu paroko, badala ya kushukuru, anauliza dawa za zahanati zimekwenda wapi. Huku Ukambani mgeni hupewa kiti na chakula. Kuhojiwa si sehemu ya ukarimu wetu, na naomba radhi kwa niaba ya parokia.

Hasa ukizingatia jinsi mnavyojitolea. Nilikuwepo siku ya mnada wa sadaka ya mavuno. Kuku amefungwa miguu, gorogoro mbili za ndengu, na boga moja ambalo mama mmoja alilibeba kichwani kutoka ng'ambo ya mto. Mheshimiwa mmoja alilinunua boga hilo kwa shilingi elfu kumi, akalirudisha linadiwe tena, msaidizi wake akalinunua kwa elfu tano. Sokoni boga lile halifiki mia mbili. Kati ya mnada wa kwanza na wa pili, mheshimiwa aliombwa "asalimie watu". Salamu zilimtaja mpinzani wake mara nyingi kuliko zilivyomtaja Yesu. Mama wa boga aliondoka bila kusalimiwa, lakini hilo halikuwa kwenye ratiba.

Sasa sikilizeni mlivyolipwa. Tarehe 14 Novemba 2024 Baraza la Maaskofu Katoliki, ambalo maaskofu wetu wa Kitui na wa Wote ni wanachama wake, lilisema wazi kwamba uongo umekuwa desturi serikalini, kwamba kodi zinamnyonga mwananchi, kwamba watu wanatekwa nyara. Siku tatu baadaye Rais alikwenda kusali katika kanisa la Soweto, Kayole, na kama kawaida hakwenda mikono mitupu. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza fedha zirudishwe: milioni mbili za nyumba ya mapadri na laki sita za kwaya na wenzao. Milioni tatu zilizoahidiwa juu ya hizo, hapana. Na basi la parokia, hapana.

Basi, waheshimiwa! Basi zima!

Waanglikana walikuwa wametangulia. Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema mimbari si ya wanasiasa. Mnakaribishwa kama waumini wengine, mkae, msali, mwende zenu. Naelewa ugumu wa hilo kwenu. Kukaa kanisani saa mbili bila kushika maiki ni adhabu ambayo hata Kwaresima haijaifikiria.

Mnasema viongozi wa dini waachie siasa wenye siasa. Naunga mkono, ila itabidi tuanze kwa kuifanyia Biblia marekebisho madogo. Nathani aliyeingia kwa Daudi na kumsomea makosa yake ana kwa ana, huyo atoke, maana hakupitia ofisi ya itifaki. Yohana Mbatizaji naye angeweza kumshauri Herode faraghani. Mgumu kuliko wote ni Amosi, mfugaji na mtunza mikuyu, mtu ambaye angejisikia nyumbani kabisa kule Kibwezi, anayesimama Betheli na kuwasema wanaowakandamiza maskini. Huyo tumfute, abaki Amazia, yule kuhani aliyemfukuza Amosi kwa sababu hekalu lilikuwa la mfalme. Amazia ndiye mchungaji mnayemtafuta. Sina wasiwasi, hapa na pale mmeshampata. Wapo wanaoweka tarehe ya sherehe ya parokia kwa kuangalia kwanza shajara ya mbunge, na wakihubiri wanakemea sketi fupi wiki nzima.

Lakini hata historia ya kwetu haiwasaidii. Ndingi Mwana a'Nzeki alikuwa mtoto wa Mwala. Alipowekwa kuwa askofu wa kwanza wa Machakos mwaka 1969, Makueni ilikuwa chini yake, na ikabaki upande wa Machakos mpaka Wote ilipopata jimbo lake mwaka 2023. Ghasia za Bonde la Ufa zilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 90, yeye akiwa Nakuru, hakungoja tume iundwe: alisema hadharani kwamba wakubwa wana mkono humo. Kumnyamazisha mtu wa namna hiyo kulijaribiwa kwa wenzake. Mwaka 1990 waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akirudi, gari lake liligongana na lori akafa, na siku chache baadaye Okondo akauacha uwaziri. Katika maandamano ya Saba Saba ya 1997 polisi walimfuata Mchungaji Timothy Njoya mpaka ndani ya Kanisa Kuu la All Saints na kumpiga. Katiba mpya aliyokuwa akiidai ilikuja vilevile.

Na hapo kwenye katiba kuna jambo lenye faraja kwenu. Mwaka 2010 maaskofu na wachungaji wengi walituambia tuikatae. Tarehe 4 Agosti tukapanga foleni, thuluthi mbili ya wapiga kura nchini wakasema ndiyo, na Jumapili tukarudi kwenye benchi zetu kama kawaida. Askofu husema, mtu husikiliza, kisha huamua mwenyewe. Kwa hiyo hofu kwamba tutaongozwa na mimbari kama mbuzi haina msingi.

Mnalosahau ni hili. Hospitali za Muthale na Mutomo ni za jimbo la Kitui. Bima ya afya isipolipa, iwe ni NHIF ya zamani au SHA ya sasa, si mbunge anayepigiwa simu na muuzaji wa dawa. Ni ofisi ya askofu. Mwisho wa mwezi muuguzi anadai mshahara wake pale pale. Mzazi asiye na karo anakaa nje ya mlango wa paroko, si wenu, kwa sababu paroko yupo hata Jumanne. Mnapouliza nani aliwaingiza makasisi katika siasa, fungueni vitabu vyao vya hesabu. Siasa ndiyo iliyoingia kwao, na haikubisha hodi.

Kwa hiyo tumekaa, waheshimiwa, jumuiya yetu ndogo chini ya mwembe, tukazungumza kuhusu maaskofu hawa. Tukaona kwamba kumpigia askofu makofi anaposema, kisha kumwachia paa linalovuja na gari lisilo na magurudumu, ni kumrudisha mikononi mwenu kwa mlango wa nyuma. Kila mwenye nyumba atatoa shilingi hamsini kwa wiki, na asiye nazo atatoa ndengu. Wengine wamenung'unika. Mzee mmoja aliuliza kama haingekuwa rahisi askofu anyamaze tu mpaka paa liishe, na nakiri wazo lake lilipata wafuasi kwa dakika kadhaa.

Bado mnakaribishwa. Misa ya kwanza ni saa moja, ya pili saa nne. Viti vya mbele ni vya watoto wa komunyo ya kwanza, lakini kuna nafasi karibu na dirisha. Maiki iko kwa paroko na betri zake tunazinunua wenyewe. Mahubiri yakiwagusa, mnaweza kumwona baada ya Misa. Huwa anasimama mlangoni kumsalimia kila mtu, hata mama wa boga.

Mkitaka kuchangia paa, namba ya paybill imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba ya kufagia. Kiasi hakitatangazwa.

Wenu mtiifu, kwa kadiri inavyowezekana,

Muumini wa benchi la nyuma