Mnyamwezi Kufundishwa Njia

Tabora ukisema unasomea udaktari, watu wanakuonyesha goti linalouma. Ukisema unasomea sheria, wanakuuliza dhamana ya polisi ni shilingi ngapi. Mimi nikisema nakwenda Uholanzi kuchukua shahada ya uzamili ya taarifa za kijiografia, wananihurumia. Mjomba aliuliza kama ndizo zile ramani za kwenye simu ya kijana wa bodaboda. Nikasema ndizo, ila zaidi kidogo. Akasema yule kijana darasa la saba hakumaliza na hajawahi kupotea.

Urasimu ramani nilikuwa nimeshausoma Chuo cha Ardhi Tabora, kwa hiyo nilijiona nimeiva. Ikaja fomu. Nikaandika S.L.P., ikageuka nyekundu: wanataka barabara na namba ya nyumba. Sawa, mwaka 2022 kabla ya sensa tulipewa anwani za makazi, namba ninayo. Fomu ikaipokea. Asiyeipokea ni tarishi aliyeleta barua yangu ya udahili, aliyenipigia simu kuuliza, "Bosi, upo mwembe gani?" Katika mji wenye miembe tangu enzi za misafara, hilo peke yake lingetosha kuwa utafiti wa shahada ya uzamivu.

Halafu malipo. Misafara ya kwenda Unyanyembe, kwetu Tabora, ikipita Ugogo ililipa hongo kwa kila mtemi, vitambaa na shanga. Angalau mtemi alikuwa anaonekana. Mimi nimelipia maombi, nimelipia viza, nimelipia mtihani wa kuthibitisha kwamba najua Kiingereza, lugha niliyopigiwa viboko sekondari nzima, na sijamwona mtemi hata mmoja. Nimeona kiduara tu kinazunguka kwenye skrini.

Uwanja wa ndege ndipo ukoo wangu ulipotukanwa rasmi. Begi moja, kilo 23. Mpagazi wa Kinyamwezi alitwishwa frasila mbili za pembe za ndovu, karibu kilo 32, akaziteremsha kwa miguu mpaka Bagamoyo, na mkeka wake na chungu chake juu ya hapo. Mjukuu wake anabebwa na ndege, amekaa, analetewa juisi, halafu anaambiwa mzigo umezidi! Nikatoa karanga. Nikatoa michembe. Asali niliitetea mpaka foleni ikaanza kuguna, na mtani wangu Mzaramo nyuma yangu akauliza kwa sauti kama babu zetu nao walikuwa wanatozwa uzito uliozidi.

Nimefika, na baridi sitaizungumzia, wengine wameshailalamikia vya kutosha. Ninacholalamikia ni somo la miinuko. Tunajifunza kuchambua vilima kwa kompyuta katika nchi isiyo na vilima. Tabora, ambayo sisi wenyewe tunaiita tambarare, iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Vaalserberg, kilele cha Uholanzi ya huku Ulaya, ni mita 322. Wenzangu wamepanda kwenda kupiga picha.

Kilichonichemsha damu ni siku mwalimu alipotuonyesha ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856. Katikati ya Afrika wameweka ziwa moja nono, limejikunja kama konokono aliyevuliwa gamba. Darasa likacheka. Mwalimu akasema hayo ndiyo matokeo ya kutegemea masimulizi ya wenyeji.

Ya wenyeji? Watu wa misafara walieleza kila mmoja ziwa la mwisho wa njia yake. Aliyeyaunganisha kuwa moja ni mwenye kalamu. Na tena kosa lilisahihishwa kwetu: wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, siku 134 tangu waondoke pwani, mfanyabiashara wa Kiomani aitwaye Snay bin Amir aliwaambia kwamba hayo ni maziwa matatu mbalimbali, Nyasa, Tanganyika na la Ukerewe. Hakuwa na setilaiti wala leseni ya programu inayokwisha muda kila mwaka. Alikuwa akiishi Kazeh na kufanya biashara na waliofika huko, basi. Nikanyoosha mkono niyaseme haya yote. Mwalimu akatazama saa, akasema tutalirudia wiki ijayo. Wiki ijayo tulisoma mafuriko.

Kwa hasira nikachagua njia ya misafara iwe mradi wangu. Kumbe wapimaji wameikata dunia vipande kama mkate: Bagamoyo iko kanda ya 37, Tabora ya 36, Ujiji ya 35. Njia moja ambayo wapagazi waliipita wakiimba, mimi kila nikifika mpaka wa kanda lazima nigeuze vipimo upya.

Na bado kuna Arc 1960. Huo ndio mfumo wa ramani zetu za zamani, wakati simu zinatumia WGS84. Ukichukua namba za mfumo wa kwanza ukazibandika kwenye wa pili bila kuzigeuza, kila kitu Tabora kinahamia kaskazini mita kama 300, msikiti, stesheni na makaburi. Baba mdogo alinipigia kuuliza hela yake ya mchango inafanya nini huku, nami nikamweleza jambo hili kwa mfano wa kiwanja chake cha Ng'ambo, kwamba programu isiyoambiwa mfumo inakipeleka mita 300 juu.

Akanyamaza kidogo. "Mita 300 juu si kwa mzee mwenye maembe?"

Nikasema ni kwenye kompyuta tu, baba, na usiku huuhuu nakirudisha.

"Haraka ya nini, mwanangu? Wewe soma taratibu. Kirudishe msimu ukiisha."